Meya wa upinzani kwenye manispaa ndogo: kazi yake, nguvu zake na anakoishia

Swali: "Shikamoo mzee. Nina duka la dawa muhimu na ni katibu wa kata wa chama cha upinzani kwenye manispaa yetu, huku Tanzania Bara. Tuna kata ishirini. Chama kinanitaka nigombee udiwani, na wakubwa wameniahidi kwamba tukishinda kata nyingi mimi ndiye nitakuwa meya. Meya wa upinzani anaweza kufanya lolote la maana wakati mkurugenzi, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa wote wameteuliwa na serikali ya chama kingine? Anadumu? Miaka mitano ikiisha anakwenda wapi? Na duka langu nilifanyeje?"

Marahaba, binti yangu. Kazi ya maana ipo, ingawa haiko pale wagombea wengi wanapoitafuta. Kuhusu kudumu, nikuambie mapema: meya wa upinzani mara nyingi huangukia ndani ya baraza lake mwenyewe, wananchi wakiwa bado hawajapata nafasi ya kumhukumu. Kwa hiyo nitaanza na hesabu za viti, maana ahadi uliyopewa inasimama au inaanguka hapo.

Mwananchi hapigi kura ya meya. Anapiga kura ya diwani wa kata yake, kisha madiwani wakiapishwa wanamchagua meya miongoni mwao. Lakini wanaopiga kura siku hiyo si madiwani wa kata peke yao. Wapo madiwani wanawake wa viti maalum, ambao idadi yao haipungui theluthi moja ya wajumbe wa kuchaguliwa na hugawanywa kwa vyama kulingana na viti vilivyoshindwa. Yupo mbunge wa jimbo. Na wanaweza kuwapo wabunge wa viti maalum wanaohesabiwa kuwa wajumbe wa halmashauri hiyo.

Sasa chukua kata zenu ishirini. Tuseme mmeshinda kumi na moja, wenzenu tisa. Barabarani ni shangwe na matarumbeta, mmeshinda. Viti maalum saba vikigawanywa, nyinyi mnapata vinne, wao vitatu. Sasa mko kumi na tano kwa kumi na wawili. Jimbo likichukuliwa na chama tawala, wanakuwa kumi na watatu. Wakija wabunge wawili wa viti maalum kuapa kama wajumbe, ni kumi na tano kwa kumi na tano. Ushindi wenu umeyeyuka na hakuna aliyeiba kura hata moja. Ndiyo maana chaguzi za mameya za 2015 na 2016 ziligombewa sana kwenye swali moja: nani ni mjumbe halali wa kikao hiki? Jijini Tanga CUF ilitoka kwenye uchaguzi wa 2015 na madiwani wengi, lakini aliyetangazwa meya alikuwa wa CCM, na madiwani wa CUF wakasusia vikao. Dar es Salaam uchaguzi wa meya wa jiji uliahirishwa mara kadhaa hadi Isaya Mwita wa Chadema akachaguliwa Machi 2016.

Kwa hiyo wakubwa wako wakikuambia "tukishinda kata nyingi", waulize ni nyingi kiasi gani. Kumi na moja hazikutoshi. Kumi na tatu ndipo unaanza kuhema.

Tuseme umepita. Muda wa meya ni miaka mitano, naibu wake huchaguliwa upya kila mwaka. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inaruhusu baraza kumwondoa meya kwa theluthi mbili ya wajumbe wote, kwa tuhuma kama matumizi mabaya ya ofisi, rushwa au mwenendo mbaya. Katika baraza la watu thelathini, theluthi mbili ni ishirini. Wapinzani wako wana kumi na tano. Wanahitaji watano kutoka kwako.

Na watano wanapatikana. Kati ya 2017 na 2020 madiwani wengi wa upinzani walijiuzulu au kuhama, na sababu waliyoitoa ilikuwa karibu ileile kila mahali: kuunga mkono juhudi za Rais. Diwani akihama chama anapoteza kiti, kata inarudi kwenye uchaguzi mdogo. Novemba 2017 kata 43 zilifanya uchaguzi mdogo, CCM ikachukua 42. Hebu rudisha takwimu hiyo kwenye baraza lako la mfano. Kila anayeondoka kwako hupungui kwa kura moja tu. Mara nyingi kiti kilekile kinarudi upande wa pili, hivyo pengo linaongezeka kwa mbili. Januari 2020 Mwita aliondolewa katika kikao kilichozua mvutano mkubwa kuhusu akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kuendesha kikao. Machi mwaka huohuo Alex Kimbe wa Iringa naye akapigiwa kura ya kutokuwa na imani, baada ya madiwani kadhaa wa chama chake kuwa wameshahamia CCM. Iringa ndiyo ya kuisoma kuliko Dar es Salaam, kwa sababu ni manispaa ya saizi yako na Chadema iliianza 2015 ikiwa na wingi wa kutosha kabisa.

Watu hupenda kusema wale madiwani walinunuliwa. Inawezekana, wengine. Lakini nimekaa na madiwani wengi wa vyama vyote na ninachokiona ni kwamba mtu huwa rahisi kununulika baada ya kupuuzwa muda mrefu. Diwani wa kata ya pembezoni anapita miaka miwili bila kalavati wala darasa moja kwenye kata yake, huku kata ya meya ina lami. Anaitwa kwenye kikao cha chama kupewa msimamo ambao hakuuchangia. Simu yake haipokelewi. Siku akipigiwa na mtu mwingine, anapokea. Kazi yako ya kwanza kama meya, kabla ya kuwaza kugombana na mkuu wa wilaya, ni kugawa miradi ya mapato ya ndani kwa namna ambayo diwani wako wa mwisho kabisa ana kitu cha kuwaonyesha watu wake. Naibu meya kila mwaka ni nafasi nyingine ya kuwaheshimu wenzako. Usiifanye ya rafiki yako mmoja miaka mitano mfululizo. Uenyekiti wa kamati za kudumu nao ugawe kwa kuangalia nani anaweza kuchoka.

Upande wa pili wa shilingi ni chama chako chenyewe. Katiba yetu hairuhusu mgombea binafsi, kwa hiyo ukifukuzwa uanachama udiwani umekwenda, na umeya nao. Arusha wanalijua hili. Desemba 2010 CCM ilimpata meya katika uchaguzi ambao Chadema haikuutambua. Januari 5, 2011 maandamano ya kuupinga yakaishia kwa risasi na vifo. Baadaye baadhi ya madiwani wa Chadema wakafikia mwafaka na wenzao wa CCM ili kazi za halmashauri ziendelee. Agosti 2011 chama kikawafukuza madiwani watano, na viti vikaenda. Unaweza kuwaona ni wasaliti au watu wa busara, mimi sitaki kukuchagulia. Ninachosema ni kwamba mwafaka wowote utakaoufanya ndani ya baraza, hata wa kupitisha bajeti tu, upate baraka za maandishi kutoka ngazi ya chama chenye mamlaka ya kukufukuza. Kauli ya mdomo ya katibu wa wilaya haitakulinda.

Nije kwenye nguvu zenyewe. Meya wa Tanzania si mtendaji. Haajiri, hafukuzi, hasaini malipo, hatangazi zabuni. Anayefanya hayo ni mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais, na ambaye pia ni katibu wa baraza lako. Bajeti mtakayopitisha itapita kwenye ushauri wa mkoa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Sheria ndogo mtakazotunga hazitumiki mpaka waziri aziridhie. Ukiingia ofisini ukidhani wewe ni bosi wa mkurugenzi, miezi mitatu itakutosha kuchukia kazi.

Wewe ni mwenyekiti wa mambo mawili: baraza la madiwani, linalokaa angalau kila robo mwaka, na Kamati ya Fedha na Uongozi. Wananchi wanalijua baraza kwa sababu ndiko kwenye majoho na wapiga picha. Kamati ya Fedha hawaijui, na huko ndiko nguvu yako iliko. Kamati hiyo hupokea taarifa za mapato na matumizi, na mwenyekiti mwenye bidii anaweza kuigeuza kuwa chombo ambacho mkuu wa idara anakiogopa kuliko anavyomwogopa mkuu wa mkoa.

Mfano: mapato ya soko na stendi. Uliza mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru, ziko ngapi, ngapi zinafanya kazi, ipi imezimwa siku ngapi na nani aliyekuwa nayo. Uliza kiasi kilichokusanywa kwenye mashine na kiasi kilichofika benki, na tofauti iko kwa nani. Taka jibu liandikwe kwenye muhtasari. Kikao kinachofuata anza na yatokanayo na kikao kilichopita, usiruhusu hoja hiyo irukwe. Hakuna mkuu wa wilaya atakayekukamata kwa kuuliza fedha za serikali ziko wapi; akijaribu, umeshinda uchaguzi unaofuata. Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali (CAG) naye huwa anayaandika hayohayo kwenye ripoti zake kila mwaka, kwa hiyo soma ripoti ya halmashauri yako ya miaka mitatu iliyopita kabla hata hujachukua fomu. Hoja zinazojirudia bila kufungwa ndizo ajenda yako ya miezi sita ya kwanza, tayari imeandikwa na mtu asiye na chama.

Kwa nini nang'ang'ania mapato ya ndani? Kwa sababu fedha kubwa zinazotoka serikali kuu zinakuja na maelekezo yake: hizi za madarasa, hizi za kituo cha afya. Mapato ya ndani ndiyo mahali baraza linapoamua, ingawa hata hapo kuna masharti. Asilimia kumi sheria imeshaigawa: nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, kwa mikopo isiyo na riba. Miongozo inataka sehemu nyingine kubwa iende kwenye miradi ya maendeleo. Kinachobaki si kingi, na kinaweza kupunguzwa kutoka juu. Kodi ya majengo, iliyokuwa nguzo ya miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kuanzia mwaka wa fedha 2016/17, na ada za mabango zikafuata mwaka uliofuata. Mwishoni mwa 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000, ambavyo wakuu wa mikoa walikabidhiwa kuvigawa, na ushuru mwingi wa machinga uliokuwa ukikusanywa na halmashauri ukakatika. Halmashauri zote ziliumia, za chama tawala pia. Lakini meya wa CCM akibanwa alikuwa na mlango wa kugonga ndani ya chama. Wa upinzani alibaki na ilani yake mkononi na makasha matupu.

Kwa hiyo usiahidi lami. Naona kila mgombea anaahidi lami. Ahidi vitu ambavyo Kamati ya Fedha inaweza kuvifikia: taa sokoni, vyoo vya stendi, taka kuzolewa kwa ratiba, mikopo ya vikundi itolewe kwa orodha iliyobandikwa ukutani.

Kuhusu uwazi, Kigoma Ujiji ni kisa ambacho kila meya wa upinzani anapaswa kukijua. Baada ya 2015 manispaa ile iliongozwa na ACT-Wazalendo, na 2016 ikachaguliwa kuwa miongoni mwa serikali za mitaa na mikoa 15 za kwanza duniani kuingia kwenye majaribio ya Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi. Kwa mji wa pembeni mwa Ziwa Tanganyika, ilikuwa heshima kubwa. Mwaka uliofuata serikali ya Tanzania ikajitoa kwenye mpango huo, na manispaa ikabaki imesimama pabaya: imeahidi dunia jambo ambalo nchi yake imeliacha. Kisha Aprili 2018, ripoti ya CAG ilipotoka, Rais Magufuli akaagiza wakurugenzi wa Kigoma Ujiji na Pangani wasimamishwe kazi kwa sababu ya hati chafu, yaani maoni mabaya ya mkaguzi juu ya hesabu zao. Aliyeadhibiwa ni mkurugenzi, mteule wa Rais. Lakini mtaani watu hawatofautishi. Hati chafu ilikuwa ya manispaa ya ACT. Wewe hukumwajiri mhasibu, huwezi kumfukuza, ila doa lake utalivaa. Kinga pekee ninayoijua ni mihtasari: iwe imeandikwa kwamba kamati iliuliza, lini, na ikajibiwa nini.

Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa usiwafanye maadui wa kuchagua. Wapo utakaofanya nao kazi vizuri kabisa. Wapo ambao kazi yao ya kwanza itakuwa kuhakikisha hupigwi picha ukikata utepe. Huyo wa pili mwachie utepe, kwa moyo mweupe, nenda kakague mradi wiki mbili baadaye pamoja na diwani wa kata. Bado kuna siku ambazo hekima haitatosha. Mei 2017, baada ya ajali ya basi la Shule ya Lucky Vincent iliyoua makumi ya wanafunzi, meya wa Arusha wa wakati huo, Calist Lazaro wa Chadema, alikwenda shuleni na viongozi wa dini na wadau wengine kupeleka rambirambi. Polisi wakawakamata, pamoja na waandishi wa habari waliokuwa pale. Kupeleka rambirambi, na kwenye mji anaouongoza! Zungumza na familia yako juu ya uwezekano huo kabla ya kuchukua fomu. Uwe na wakili ambaye namba yake iko kichwani mwako.

Baada ya miaka mitano? Njia nilizoziona ni chache. Jaffar Michael alikuwa meya wa Moshi, 2015 akawa mbunge wa Moshi Mjini. Hiyo ndiyo njia ambayo kila meya anaiota, na ilifanya kazi Moshi kwa sababu Chadema ilikuwa na mizizi pale kwa miaka mingi. Meya alipanda ngazi ambayo wengine waliijenga. Boniface Jacob, aliyeongoza Kinondoni kisha Ubungo, aliendelea ndani ya chama hadi uenyekiti wa kanda. Lazaro huyohuyo wa Arusha alihamia CCM, na 2021 akateuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Lushoto. Wengi waliobaki walirudi kwenye biashara na mashamba yao, na hutawasikia.

Nikuambie kwa uwazi kuhusu ile ya kuhama, maana utashawishiwa. Itakuja kwa adabu, pengine kupitia ndugu yako, na itakuja wakati una madeni. Kuhama si kosa la jinai na siwezi kumhukumu mtu kwa hilo. Ila ukishawahi kuwa meya kwa kura za watu waliosimama juani kukupigia, amua mapema, ukiwa umetulia, jibu lako litakuwa nini. Ukingoja kuamua siku ya kushawishiwa, atakayeamua ni mwenye fedha.

Usipange ngazi zako kwa kudhani chama kitakuwepo kwenye karatasi ya kura kila mara. Baada ya 2020 CCM ilichukua karibu halmashauri zote za Bara, na Chadema, iliyotoa mameya wengi wa upinzani ninaowataja hapa, haikushiriki uchaguzi wa 2025 kabisa. Ajira ya meya wa upinzani inaweza kukatika kwa sababu ambazo hazihusiani na kazi yako hata kidogo.

Ndiyo maana jibu langu kuhusu duka ni fupi: usilifunge, na usiliuze kugharimia kampeni. Udiwani unalipa posho, haulipi mshahara, na ukitoka hakuna pensheni inayokusubiri. Weka mtoa dawa mwenye sifa, jiondoe kwenye kaunta, na asubuhi ya kila Jumamosi pitia hesabu. Usiuze hata paketi moja ya panadol kwa kituo cha afya cha manispaa yako, wala usiruhusu kaka yako apeleke zabuni kwa jina lake. Hiyo ndiyo tuhuma rahisi kuliko zote ya kukuondolea kwenye kiti, na wale madiwani watano wanaohitajika kukuondoa wataipenda kwa sababu inawapa kisingizio kizuri. Leseni na ushuru wa huduma ulipe kabla ya wengine, utunze risiti. Tamko la mali na madeni lipelekwe Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma kabla ya Desemba 31 kila mwaka, na duka liandikwe humo kwa thamani yake halisi, pamoja na mkopo kama unao.